Kilio Jukwaani

Mama mkwe wangu alikuwa na sauti ya kulilia watu. Sijui niiseme vipi vingine. Kila mahali kuna mwanamke mmoja ambaye msiba hauanzi mpaka afike yeye, na kwetu, upande wa Mgori, alikuwa ni yeye. Akiingia uani kwenye msiba hasemi kitu. Anaweka chini kikapu chake cha unga wa mtama, anajifunga kanga kiunoni, halafu anatoa ile sauti ya kwanza, na hata wanaume waliokuwa wakibishana juu ya mahali pa kuchimba kaburi wananyamaza. Nilipoolewa pale nilimwogopa kwa ajili ya sauti hiyo. Baadaye nikaona kwamba nyumbani alikuwa mcheshi, mvuta ugoro, mpenda habari za watu kuliko mimi, nikamzoea.

Alizaa wana watatu. Wawili aliwazika nyuma ya zizi, wakiwa vijana wenye ndevu tayari, na mume wangu ndiye aliyebaki. Mume wangu alipewa jina la babu yake mzaa mama, basi mama mkwe hakulitamka jina hilo hata siku moja. Alimwita "baba". Baba, umekula? Baba, hilo koti limechanika, livue nilishone. Mwanaume mzima mwenye mke na mtoto, lakini akipiga chafya mara mbili tu, mama yake anakuja kumpima joto la paji la uso kwa kiganja. Nilikuwa nikimtania mume wangu kwamba mimi sikuolewa, niliajiriwa kumsaidia mama yake kazi ya kulea.

Wakati ninaousema tulikuwa tumeshahamishiwa kijijini. Habari za kuhamishwa sitazirefusha. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wamekwisha hadithiwa na kila mtu kwa namna yake. Lori lilikuja, paa la tembe letu likashushwa, tukapelekwa kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba kando ya barabara, tukajenga nyumba za miti na udongo zilizopangwa mistari, mlango wa huyu ukitazama mlango wa yule. Mama mkwe alihama bila maneno mengi. Makaburi mawili yalibaki mahameni peke yake, naye alikuwa akitembea hadi kule kuyafagia, akirudi miguu imejaa vumbi na hataki kuulizwa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Kijiji kilipoanzisha kikundi cha maigizo nikapewa kazi ya kushika daftari na kuwakumbusha watu maneno waliyoyasahau, kwa kuwa waliojua kusoma tulikuwa wachache. Mchezo wetu ulimhusu mkaidi mmoja aliyekataa kuhamia kijijini. Anabaki porini peke yake na mbuzi wake, anaugua, hana jirani wa kumpelekea hata maji, anakufa. Anakutwa amekwisha kufa, analiliwa, anazikwa, kisha kijiji kizima kinaimba juu ya faida za kuishi pamoja. Waigizaji wa mchezo huo wa kutuambia tushukuru kuhamishwa ni sisi wenyewe tuliohamishwa. Tuliuigiza kwa moyo kabisa. Nafikiri tulikuwa tunatafuta mtu wa kutushawishi, na hakukuwa na mwingine.

Mume wangu ndiye aliyekuwa mkaidi. Alikuwa na kipaji, sisemi kwa kuwa ni wangu. Alipokuwa akigombana na mbuzi wake juu ya siasa, wazee walikuwa wakicheka mpaka wanafuta machozi kwa pembe za mashuka yao. Na aliyeongoza kilio cha mwisho alikuwa, bila shaka, mama yake. Nani mwingine angeongoza?

Sasa hapo palikuwa na jambo. Kwetu mtu aliye hai haliliwi. Kulia kwa machozi ukigombana naye ni sawa, lakini ukimlaza chini, ukamfunika shuka, ukampigia kilio cha maiti naye anapumua, umemchuria. Umekiita kifo kwa sauti na kukionyesha mlango. Hilo halikuhitaji mkutano. Katika mazoezi ya kwanza tu wanawake walisema, jamani, hatuwezi, na dakika hiyo hiyo ikapatikana njia. Mkaidi akishakata roho, wanaume wawili wanasimama mbele ya kitanda kana kwamba wanashangaa, mume wangu anatambaa kwa nyuma na kuondoka, na mahali pake panalazwa kinu cha kutwangia, chini ya shuka. Wanawake wanakililia kinu. Kijijini hakuna aliyecheka, kila mtu alielewa kwa nini ni kinu. Na bado mama mkwe, kabla ya kutoa sauti, alikuwa akiingiza kidole chini ya shuka na kugonga mara moja, asikie kama ni mti kweli.

Ndipo tukaitwa Singida mjini. Vikundi vya mkoa mzima vilikuwa vishindane mbele ya mgeni rasmi, kwenye jumba la zamani la maigizo. Nilikuwa nimelisikia jumba hilo tangu utotoni. Baba yangu aliwahi kufika nje ya mlango wake akipeleka kuku kwa mpishi wa Mzungu mmoja, akasikia watu ndani wakipiga kelele za kuuana, akakimbia akawaacha kuku. Nilitaka kuliona jumba hilo kuliko nilivyotaka kushinda.

Tulifika asubuhi juu ya lori la pamba, kinu chetu kikiwa katikati kimefungwa kwa kamba. Bwana utamaduni alitupokea mlangoni. Alikuwa kijana aliyetoka pwani, suti ya mikono mifupi imenyooshwa vizuri, mwenye adabu, akamwamkia kila mzee shikamoo kwa zamu hadi mstari ukaisha. Ningependa aliyetufanyia jambo lile awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu. Lakini kijana wa watu alikuwa mwema, na alilipenda lile jumba kama mtu anavyompenda ng'ombe wake wa kwanza.

Alituzungusha. Lilijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi, akasema, kwa ajili ya michezo yao ya sikukuu, na Wazungu wa bomani walikuwa wakilikodi. Akatuonyesha mahali palipofungwa kamba nyuma ya viti, ambapo wapishi na matarishi waliruhusiwa kusimama, wakiwa wameoga. "Leo mtakaa mbele," akasema, na mwenyekiti wetu wa kijiji akaenda kukaa mbele palepale, akainuka, akakaa kiti kingine, kuvijaribu. Vilikuwa viti vya mbao vya kukunja, vyenye namba za shaba zilizochakaa. Pazia lilikuwa jekundu, limeliwa na nondo, likivutwa kwa kamba iliyopita kwenye vigurudumu huko juu kwenye giza. Nyuma kulikuwa na chumba cha kuvalia chenye kioo kirefu, na wanawake wetu wakajiona wazima kwa mara ya kwanza, toka kichwani hadi miguuni, wakaanza kucheka na kusukumana. Nilishika mbao za jukwaa kwa mkono. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Kwenye ujia wa kuingilia zilitundikwa picha za michezo iliyopita, ndani ya fremu zenye kioo. Mzungu mwenye ndevu za bandia na taji, amelala chali, kisu kimesimama kifuani. Wazungu wengine wakiwa wamevaa kama wanawake, miguu yenye misuli. Wanafunzi waliopigwa picha wakati wa uhuru, wamebeba jeneza lililoandikwa ukoloni, wanacheka. Na picha moja kubwa ya mchezo wa Kihindi, mama amekaa chini, kijana wa kiume amelazwa mapajani mwake, mikono imelegea, na mama amefungua kinywa.

Mama mkwe alisimama mbele ya picha hiyo, kiganja mdomoni.

"Huyu mama alifiwa?" akauliza.

"Hapana, mama, ni mchezo tu," bwana utamaduni akamjibu.

"Na huyu kijana yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Alikuwa na duka la vitambaa hapa mjini."

"Alikuwa?"

"Alihama. Nasikia alikwenda Ulaya." Kijana akacheka kidogo, akatuonyesha ukuta mzima kwa mkono. "Wote hawa walikufa hapa jukwaani, mama, halafu wakaenda zao kula wali."

Watu wakacheka. Mama mkwe hakucheka, aliinama karibu na kioo kumtazama yule kijana wa Kihindi kifuani, kisha akanifuata.

Tukapewa nafasi ya kujaribu jukwaa. Tulienda vizuri mpaka kilipoletwa kinu. Wapiga ngoma wa kikundi cha mjini, waliokuwa wamekaa viti vya nyuma wakingoja zamu yao, wakaangua kicheko. Bwana utamaduni akapanda jukwaani, akainua shuka, akatazama kinu, akalirudisha shuka polepole kwa heshima. Akasema tumeigiza vizuri mno, lakini kinu hakiwezekani. Jukwaa hili limeinuka, watu wa mbele wanaona kila kitu. Mgeni rasmi ataona kinu. Mkaidi mwenyewe lazima alale pale.

Wanawake wakamweleza. Wakamweleza tena, mmoja mmoja, kwa Kiswahili chetu cha bara kilichochanganyika na Kinyaturu. Alisikiliza yote. Kisha akasema kwa upole kwamba anaelewa, hata kwao kuna wazee wenye imani kama hizo, lakini sisi tumekuja kuonyesha kijiji kipya na watu wapya, na tunakililia kinu kwa kuogopa uchuro! Watatuandika vipi? Mwenyekiti wetu aliposikia neno kuandikwa, jasho likamtoka. Miezi ile mtu akiambiwa anapinga, haulizwi anapinga nini. Akatuvuta pembeni.

"Jamani, msinitie matatani. Ni kulala tu. Kulala nako ni kazi?"

Mama mkwe akauliza kama mwanamume mwingine anaweza kulala badala ya mwanawe. Wanaume wote wakatazama vidole vya miguu, kila mmoja ana mama. Tena uso wa mkaidi ungekuwa umekwisha kuonekana mchezo mzima. Akauliza basi kama mwanamke mwingine anaweza kuongoza kilio. Hapo wanawake wenyewe ndio waliorudi nyuma, na mimi nikaona mtego wenyewe ulivyo. Kwetu, mwana akililiwa na mama mzazi yupo hapo amekaa kimya, watu wanajua la kufikiri juu ya mama huyo. Mama asiyemlilia mwanawe ndiye aliyemla. Kwa hiyo akilia anamchuria, asipolia ni mchawi wake. Na kurudi nyumbani hakukuwa juu yetu, lori lilikuwa la serikali.

Nilimtazama mume wangu aseme neno. Lakini mume wangu alikuwa amekwisha kulewa na lile jukwaa. Tangu asubuhi alikuwa akipima kwa hatua kutoka kitanda hadi pazia, na akina yule Mzungu wa kisu kifuani walikuwa wamemwingia kichwani. Akamshika mama yake bega.

"Mama, nitakuwa napumua. Ukiingiwa na shaka, tazama shuka hapa kifuani. Utaliona linapanda na kushuka."

"Utapumua, baba?"

"Nitapumua, mama."

Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akimwita baba.

Jioni jumba lilijaa. Mbele walikaa wakubwa, na nyuma yao, hadi ukutani, watu waliosombwa kwa malori kutoka vijijini, Wanyaturu na Wanyiramba, akina mama wengi wakiwa na watoto mgongoni. Wengi wao walikuwa wamehamishwa kama sisi, na wengi hawakuwa wamewahi kuona mchezo wa aina hii. Mimi niliwekwa upande wa kulia wa jukwaa, daftari mkono mmoja na kamba ya pazia mkono wa pili. Mkaidi aligombana na mbuzi wake, jumba likapasuka kwa vicheko. Akaugua. Akaita jirani ambaye hayupo. Akafa, na alikufa vizuri kuliko siku zote, ndiyo balaa.

Maana kutoka pale nilipokuwa niliona anachofanya. Alikuwa amezuia pumzi. Mwigizaji akishapata watu mia kadhaa wanaomtazama hataki wamwone anahema. Mama yake akaingia na wanawake, akapiga magoti kando ya kitanda, akatazama shuka kifuani. Nami nikatazama. Shuka halikupanda. Akangoja. Nilitaka kumwita mume wangu kwa nguvu, pumua wewe mwanaume, lakini mgeni rasmi angesikia. Akainamisha uso karibu zaidi, na shuka lilikuwa limetulia kama limetandikwa juu ya kinu.

Ndipo akatoa sauti.

Nimesikia vilio vingi maishani, na vingine nimevitoa mwenyewe. Kile sikukisikia tena. Hakikuwa na maneno ya mchezo ndani yake. Alimlilia mwanawe wa kwanza kwa jina, akamlilia wa pili kwa jina, kisha akalitaja jina la baba yake mzazi, lile ambalo hakuwahi kulitamka, na jumba zima likaganda.

Halafu wanawake wakainuka. Bwana utamaduni hakulijua hilo, na mafunzo yake yote hayakumwandaa. Mwanamke wa kwetu akisikia kilio hawezi kukaa kitini akitazama, ni aibu na ni dhambi, lazima aende pale kinapotoka. Waliinuka kutoka nyuma, mashuka begani, wakapita katikati ya wakubwa wakiomba radhi, wakapanda ngazi za jukwaa. Walikaa chini kwenye mbao wakiegemeana. Waliitikia. Nilisikia mmoja akimwuliza mwenzake, "Ni nani?" na mwenzake akajibu, "Ni mwanawe. Eti ndiye alikuwa amebaki." Habari hiyo ikapita kutoka mdomo hadi mdomo, na kila ilipofika kilio kilizidi. Wengine naamini hawakuwa wakimlilia mume wangu hata kidogo. Kila mmoja alikuwa na kaburi mahameni.

Nilivuta kamba ya pazia. Ikaja kidogo ikanasa. Nikavuta kwa mikono yote miwili, nikaitundikia uzito wangu wote, miguu ikaacha sakafu, na pazia lilisimama pale pale robo ya njia, vumbi likinidondokea machoni. Nikalia kwa hasira. Mume wangu alinisimulia baadaye kwamba alijaribu kuinuka, lakini wanawake wawili walikuwa wameilalia miguu yake na mwingine amemshika kichwa, na alipotaka kusema, mdomo ulijaa shuka.

Mbele, wakubwa walikuwa wamesimama wakipiga makofi. Mgeni rasmi alikuwa na machozi. Bwana utamaduni alikuwa akiruka kama mtoto.

Mume wangu alipojinasua mwishowe na kukaa kitako, nywele zimevurugika, wanawake walirudi nyuma wakipiga mayowe, mmoja akaanguka kutoka jukwaani akateguka mkono. Mama yake hakukimbia. Alimtazama mwanawe muda mrefu, uso umelowa. Mwanawe akamchekea. Yeye akajifunika kanga kichwani, akashuka ngazi za nyuma, akaenda kupanda lori lililokuwa tupu. Tulipewa kikombe cha ushindi. Kilirudi nyumbani ndani ya kinu ili kisipondeke.

Kesho yake nilimkuta nyuma ya nyumba, jirani anamnyoa kichwa kwa wembe, kama tunavyonyolewa baada ya mazishi. Niliweka ndoo yangu chini. Mume wangu akatokea, akasalimia shikamoo mama, naye akajibu marahaba, sauti ileile anayompa mpita njia. Hakugeuka. Tangu siku hiyo hakumwita baba, hakumwita mwanangu, hakulitaja jina lake. Hakumpakulia chakula. Koti likichanika, nilishone mimi. Kama ana ujumbe ananiambia mimi, hata kama mume wangu amekaa hatua mbili kutoka hapo, na anamwita "huyo mgeni wako". Mimi na mtoto alitupenda kama zamani, tena zaidi.

Mume wangu alijitetea mpaka akachoka. Alipiga magoti. Alimwita mchungaji, alimwita mjomba wake kutoka Ikungi, wakakaa naye kutwa. Aliwasikiliza, akawapikia kuku, akawasindikiza, hakuna kilichobadilika. Na kikundi kilipoamriwa kuzunguka na mchezo ule, Misigiri, Kinyangiri na kwingine, tulidhani atakataa na tukawa tunatunga uongo wa kumwombea udhuru. Akakubali upesi. Alipanda lori la kwanza, akamlilia mwanawe kila mahali bila kusita wala kutazama shuka, na akimaliza anadai ugoro wake. Hilo lilimvunja mume wangu kuliko yote.

"Anapenda kunililia," aliniambia. "Mama alitaka nife mimi, wabaki wale wawili."

Nilimpenda yeye, nilimpenda mama yake, nikaishi katikati yao nikipeleka salamu ambazo hazikuwemo. Nilimwambia mume wangu mama anakuulizia, uongo. Nilimwambia mama mkwe mwanao anakuombea, akaniambia nisimletee habari za mgeni.

Msimu wa upepo wa baridi uliofuata mume wangu akaugua. Homa iliyokuja kwa kishindo, akatapika dawa ya zahanati, akaongea maneno yasiyo na mpangilio. Lori la kijiji lilikuwa limekwenda kufuata mbegu, na gari la wagonjwa lilikuwa ni neno tu. Tukangoja. Mama mkwe hakuingia chumbani hata mara moja. Watu waliokuja kutazama mgonjwa walimpita ukumbini akichambua mlenda, wakaja kuninong'oneza masikioni, na sikuwa na namna ya kumtetea. Nilimchukia. Nasema wazi, siku hizo nilimchukia kwa moyo wote.

Mchana wa siku ya tatu nilitoka kumwaga maji machafu nyuma ya nyumba. Nikamkuta amekaa chini, juani, katika upepo, mgongo wake na kisogo vimegusana na ukuta wa udongo, pale pale ambapo kwa ndani kilikuwa kitanda cha mwanawe. Ukuta mwembamba ule, ukikohoa ndani unasikika nje. Chini alipokaa udongo ulikuwa umelainika na kuchimbika, na nikaelewa kwamba hakuwa amekaa hapo leo tu.

Alinivuta kanga nikachuchumaa.

"Anapumua?" akauliza. Aliuliza bila sauti, kwa midomo.

"Anapumua, mama," nikasema.

Akanifunga mdomo kwa kiganja. "Usiseme kwa nguvu! Nilikwisha mlilia. Watu wote walisikia. Kilichokuja kumchukua kilikuta kichwa kimenyolewa, hakuna anayeitwa mwana hapa, kikaondoka. Nikimwita kitarudi." Akanitazama kwa macho makavu, mekundu. "Usimwambie. Ukimwambia ataniita mama kwa furaha, na kitasikia."

Nikakaa naye hapo chini. Tulisikiliza wote wawili, kisogo ukutani, mpaka mtoto alipolia ndani. Nilitaka kukimbilia kitandani nimpe mume wangu habari ile moja ambayo ingemponya kuliko dawa. Je, ningemwambia, halafu afe?

Hakufa. Alipona, akanenepa, akazeeka. Mama mkwe aliishi miaka mingi, na siku anakata roho aliniomba nimpeleke mgeni wangu akachunge mbuzi mbali, asiwepo. Mume wangu alirudi akakuta tumekwisha mfunika. Akauliza kama aliacha neno lolote kwake. Nikasema hakuacha. Jumba lile sasa ni ghala la alizeti, nilipita hapo mwaka jana, picha hazipo.

Mimi ni mwalimu, nimewafundisha watu mamia kusoma, na uchuro siuamini. Mara nyingi nimekaa kitako nikajiambia leo namwambia, mzee wa watu asife akidhani mama yake hakumtaka. Nafungua mdomo. Kisha namtazama, yuko mzima, ana meno yake karibu yote, anagombana na redio, na ninaufunga. Ndiyo maana naandika, kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi. Sasa hivi yuko nje anaota jua. Amekohoa, kikohozi cha vumbi tu la msimu huu, na mimi nimeweka kalamu chini, nasikiliza kama atakohoa tena.